Chumba cha Nne Juu ya Mfereji

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za masika, mwanangu, nilipokuwa nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Umoja, Nairobi, na nyundo kubwa mkononi, nikibomoa chumba nilichokijenga mwenyewe. Juzi uliniambia umepata ploti kule Mowlem na unataka kuweka vyumba vya kupangisha. Basi kaa kidogo nikueleze kilichonishikisha nyundo ile.

Mama alipofariki, baba alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nikavua sare, nikabaki na wadogo zangu watatu na nyumba moja. Baba mdogo alitaka iuzwe, watoto wagawanywe kwa jamaa, mmoja huku mwingine kule. Sikumlaumu, naye alikuwa na watoto wake wa kulisha. Nikamwomba mwaka mmoja.

“Nyumba itatulisha,” nikamwambia.

“Haya, mwaka mmoja. Wapangaji wakikushinda, nauza.”

Wakati huo kila mtu Umoja alikuwa akijenga vyumba kwenye uwanja wa nyuma. Chama cha kuweka akiba alichokuwamo mama kilinipa fedha zake, nikamwita Fundi Okoth, rafiki wa marehemu baba. Akapima, akasema vyumba vitatu. Nilitaka vinne. Cha nne kingekalia kifuniko cha mfereji wa maji taka unaopita nyuma ya nyumba zote za mstari wetu.

“Hapo usijenge, msichana wangu,” akasema. “Siku mfereji ukiziba utauzibulia wapi?”

“Fundi, haujaziba tangu nizaliwe.”

“Ulipozaliwa kila ploti ilikuwa na choo kimoja. Panda juu ya ukuta uhesabu vya leo.”

Sikupanda. Yeye akajenga vitatu, akakusanya vyombo vyake akaenda. Cha nne nikamtafutia fundi mwingine, asiyeuliza maswali. Hapo mwanangu ujue nilijiona mjanja sana.

Chumba hicho alikichukua Bi Halima, mjane mwenye watoto wawili, aliyekuwa akinunua vitambaa vya madera Eastleigh na kuviuza mtaani. Mpangaji mzuri kuliko wote. Alifagia hadi mlangoni kwa wenzake.

Mvua zilipoanza, mfereji ukaziba. Maji machafu hayakupata pa kutokea ila kwenye sakafu ya Bi Halima. Nilimkuta mlangoni, robota la vitambaa likimchuruzika mikononi.

“Wewe mtoto,” akaniambia, “umenipangisha choo ukaniambia ni nyumba.”

“Bi Halima, ni mvua hii...”

“Mvua haijui kujenga.”

Mdogo wangu wa mwisho akatoka ameziba pua. “Sista, ni sisi tunanuka hivi?” Hakuna aliyecheka. Wapangaji wa vyumba vile vitatu wakasema ikifika Jumamosi hali ni ile ile, wanahama. Mwaka wa baba mdogo ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Yule fundi wa pili alinishauri niinue sakafu kwa saruji. Bei nafuu, na chumba kinabaki. Nilikaribia kukubali. Lakini miguu ikanipeleka kwa Fundi Okoth, nikijua nitatukanwa. Hakunitukana. Alisikiliza, akafuta mikono.

“Unaweza kuinua. Maji yatahamia chumba kinachofuata. Wewe chagua tu nani wa kumwagia.”

Nikamwomba nyundo.

Kabla ya kugonga ukuta, nilihamisha vitu vya Bi Halima hadi chumba chetu cha kulala, sisi wanne tukaenda kulala sebuleni. Asubuhi nikabomoa, jioni nikafua vitambaa vyake pamoja naye. Vingine havikutakata. Jumamosi, wapangaji wote wakitazama, Okoth aliinua kifuniko akasukuma fito zake za kuzibulia. Vikatoka mchanga, matambara na ndala ya mtoto. Maji yakashuka. Mpangaji mmoja tayari alikuwa amefunga godoro lake kwa kamba.

Bi Halima ndiye aliyesema. “Nimepanga nyumba saba katika Nairobi hii. Nimeona mwenye nyumba akiongeza ukuta. Anayebomoa sijamwona mpaka leo. Mimi siendi popote.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, sebule si ya kulala watoto. Tafuta kitanda kingine, walale nami chumbani.”

Yule mpangaji akafungua kamba ya godoro.

Baba mdogo alikuja mwaka ulipoisha. Akakuta vyumba vitatu vina watu, na Bi Halima yuko jikoni kwetu akikaanga mahamri. Akazunguka uwanja, akatazama kifuniko cha mfereji kikipigwa na jua, hakina chumba juu yake, akarudi ndani. Hakutaja kuuza. Aliuliza kama kuna chai.

Basi mwanangu, nenda Mowlem, lakini kabla ya kuchora vyumba uliza maji safi yanaingilia wapi na machafu yanatokea wapi. Mtafute fundi anayekukatalia. Andika makubaliano na kila mpangaji, hata kama ni binamu yako. Binamu yako hasa. Amana ya mpangaji usiiguse, si yako, umewekewa tu. Usihesabu kwamba vyumba vyote vitajaa kila mwezi. Kipo kitakachokaa kitupu, na paa litavuja mwezi huo huo, kwa hiyo tenga cha ukarabati kabla hujanunua kiatu. Nenda mwenyewe ukaone, usimwachie mlinzi akuambie kila kitu kiko sawa. Na kabla hujampa mtu ufunguo, lala katika chumba hicho usiku mmoja, wewe na watoto wako. Kama mimi ningelala katika cha nne usiku mmoja wa mvua, nisingehitaji nyundo.

Ukikosea, na utakosea, bomoa mapema.

Mungu akupe ardhi isiyo na kesi, mvua isiyoingia ndani, na wapangaji wa kukuambia ukweli usoni. Na wadogo zako wasikose pa kurudi.