Maji ya Chumvi Siku ya Ruracio

Jino langu la nyuma lilichagua Ijumaa, siku moja kabla ya ruracio yangu, sherehe yetu Wakikuyu ya kupokea mahari, kuanza kuuma. Meno hayana adabu. Daktari wa meno tuliyempigia simu kule Thika alisema angeniona Jumatatu asubuhi, ila uso ukivimba sana au nikipata homa nisisubiri, nikimbie hospitali. Basi nikawa mgonjwa wa mama, nyumbani kwetu Gitothua.

Mama aliivalia njuga kazi hiyo. Kila baada ya saa mbili nilisukutua maji vuguvugu ya chumvi, kisha kitambaa baridi shavuni, na dawa ya maumivu kama pakiti ilivyoagiza. Sasa nina jiko langu, mtaa wa Kahawa Sukari, lakini maji ya chumvi ninayojitengenezea hayajawahi kunituliza kama yale. Shangazi naye alikuja na aspirini, akitaka kuibana kwenye ufizi.

"Ai, hiyo ni ya kumeza," mama akamwambia. "Ukimwekea hapo utamchoma mdomo, na kesho tuko na wageni."

Kesho yake, kama ilivyo desturi yetu, mimi na binamu zangu watano tulifunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, tukapangwa mstari mbele ya wageni. Mchumba wangu alitakiwa kunitambua. Akikosea angechekwa maisha yake yote, na mimi ningebaki nikijiuliza ninaolewa na nani. Tulikuwa tumepatana nikohoe. Nilipojaribu, taya lilinichoma hadi sikioni, nikanyamaza.

Yeye, kwa kuwa alijua naumwa jino, akajitia ujanja: akatafuta msichana aliyejishika shavu. Binamu zangu, watundu wale, walikuwa wamewaza hayo mapema, na wote watano walikuwa wamejishika mashavu. Ni mimi tu niliyesimama wima, kwa kuwa mama alinikataza kuwaonyesha wageni uchungu. Nilisikia viatu vyake vikinipita mara mbili. Akamshika binamu yangu mkono, na wanawake wakaangua kicheko. Wakamwambia ajaribu tena, mara ya mwisho. Niliogopa kweli.

Hapo mama akatoka jikoni na kikombe. Akapita katikati ya wageni wote, akasimama mbele yangu.

"Saa imefika. Kuja usukutue."

"Wee! Mama mwenyewe ametuuza!" shangazi akapiga kelele. Mchumba wangu hakungoja kuambiwa mara mbili. Hadi leo mama hajakiri kama alisahau au alikusudia. Mimi namjua, na mama yangu hasahau kitu.

Alinipeleka nyuma ya nyumba nikasukutue, akinishikia leso isilowe. Nikaanza kulia. Nilikuwa nimeelewa kwamba amenitoa kwa mkono wake mwenyewe, na sikutaka kuondoka kwetu.

"Bado linauma?" akauliza, huku akijipangusa macho kwa pembe ya leso yangu.

"Sana, mama," nikamjibu, ingawa jino lilikuwa limetulia.