Swichi Nyekundu Nyuma ya Sipiyu

Nianze na ujinga wenyewe, maana hata nikiuzungusha nitaufikia tu. Niliingiza mkono nyuma ya kompyuta ya mama ikiwa inawaka, nikapapasa mpaka nikaipata ile swichi ndogo nyekundu, nikaisukuma kwa ukucha kutoka volti 230 hadi 115. Nilidhani ikipunguziwa namba itasinzia polepole, kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri. Haikusinzia. Ililia paa! mara moja tu, ikatoa moshi mwembamba na harufu ya samaki aliyeungua, na skrini ikawa nyeusi.

Kwenye fizikia napata alama nzuri. Hilo nalo lijulikane.

Mimi nalala Uganda na nasoma Kenya, jambo ambalo hapa Busia halimshangazi hata mbuzi. Mama ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi upande wetu, karibu na barabara ya malori. Anachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi. Lakini ukweli ni kwamba wanaotulisha ni marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi bila programu: kijitabu chenye picha yake amevaa suti, historia ya maisha yake, na majina ya aliowaacha. Watu hutoka Dabani, hutoka Osukuru, huja na picha kwenye bahasha na macho mekundu, na mama huwapa kiti. Ameshazoea kulia na mteja huku vidole vyake vinaandika.

Sasa, kwa nini mtu mwenye akili timamu amfanyie hivyo mama yake? Kwa sababu nilikuwa na biashara. Nyuma ya lile sanduku la chini ya meza, ambalo sote tunaliita sipiyu, kuna swichi nyingine, nyeusi. Ukiizima, mashine inakufa kimya, na mtu asiyejua kwamba ipo anaweza kubonyeza kitufe cha mbele mpaka kidole kiote sugu. Mama hakujua kwamba ipo. Kwa hiyo kila nilipochoka kuosha vyombo, mashine iliugua. Mama aliniita, "Injinia, njoo uone hii kitu." Nilikuja taratibu, uso wa daktari. Nilipuliza vumbi. Niligonga ubavuni. Nilishika waya, nikafumba macho kana kwamba nasikiliza mapigo ya moyo. Halafu niliinama, nikawasha ile nyeusi, na mashine ikafufuka. Mama alipiga makofi, na vyombo vilioshwa na mtu mwingine, yaani yeye.

Siku ile vijana wenzangu walikuwa na mechi ng'ambo ya mpaka, nami nilitaka ruhusa. Nyeusi nilikuwa nimeichoka. Nilitaka ugonjwa mpya, mkubwa zaidi, ili na shukrani ziwe kubwa zaidi. Ndiyo nikaikumbuka nyekundu.

Ila siku yenyewe niliichagua kama kipofu anayechagua nguo sokoni. Asubuhi nzima walikuwa wamekaa pale kibandani wajane wawili wa mtu mmoja, kutoka Merikit. Mazishi yalikuwa kesho yake. Walikuja pamoja lakini walikaa kama watu wa mabasi tofauti. Kanisa lilijua kwamba wako wawili, lakini kanisa halikupenda kulisema, na mkubwa alitaka programu nayo isiliseme. "Andika mjane," alimwambia mama. "Mmoja. Mambo mengine Mungu anajua." Mdogo akasema, "Mungu anajua, lakini watoto wangu watasoma nini?" Mkubwa akamjibu kwamba watoto wake bado hawajui kusoma. Mdogo akasimama kutaka kuondoka, akiwa ameshika bahasha yenye picha ya marehemu, na mkubwa akashika ncha ya pili ya bahasha.

Mimi nilikuwa pembeni nachana karatasi, nimebana kicheko mpaka mbavu zinauma.

Mama hakucheka. Aliwaacha wavutane mpaka wakachoka, akawapa chai, kisha akawauliza kila mmoja swali moja: wewe ulimfanyia nini? Mkubwa alisema walioana hawana hata jembe, kwamba boma lile walilijenga kwa mikono yao. Mdogo aliweka kikombe cha chai chini. Halafu akasema alimuuguza, kwamba mwisho alikuwa anambeba kumtoa nje aote jua. Mama akaandika, kwa Kijopadhola, kisha akawasomea. Kwa Kiswahili ni hivi: *Ameacha mke wake aliyejenga naye, na mke wake aliyemuuguza.* Hakuna wa kwanza wala wa pili, ila aliyejenga alitajwa kwanza. Mkubwa aliomba asomewe tena. Mdogo alijifuta macho kwa leso, akasema, "Sawa. Hiyo sawa." Wakatoka pamoja kwenda sokoni kununua mchele wa mazishi, wakasema watarudi jioni kuchukua programu, na mama akatoka kuwasindikiza.

Wakati anawasindikiza ndipo mimi nikaingiza mkono.

Mama huhifadhi kazi kila baada ya mstari, anabonyeza kama mtu anayebisha hodi. Kwa hiyo programu nzima, pamoja na maneno yale, ilikuwa ndani ya sipiyu. Lakini ndani ya sipiyu tu. Flashi anayonakilia kazi zake ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa nyimbo.

Nilirudisha nyekundu mahali pake haraka, kana kwamba risasi inaweza kurudi kwenye bunduki. Nikabonyeza kitufe cha mbele. Kimya. Nikazima nyeusi, nikawasha. Kimya. Mama akaingia.

"Kitu gani hii inanuka?"

"Mashine imezimika, mama."

Aliitazama skrini. Aliuweka mkono kifuani. Halafu, kabla sijapata uongo wa kusema, yeye mwenyewe akanipatia. Alitoka mbio mpaka kwa jirani yetu, kijana anayechomelea vyuma, ambaye tunatumia naye laini moja ya umeme. Kila akichoma, taa zetu hukonyeza.

"Umeniua!" nilimsikia mama. "Kila siku nakuambia hiyo mashine yako inavuta moto wa watu wote! Sasa ona! Kazi ya marehemu iko ndani!"

Jirani alikuwa anachoma geti, mwenye geti amesimama palepale anamsubiri. Alivua miwani yake myeusi. Ningefurahi angetukana. Angetukana, ningepata nafasi ya kumchukia kidogo. "Mama, pole sana," alisema. "Mimi najua si vizuri. Nisamehe." Akazima mashine yake, akamwambia mwenye geti arudi kesho. Mwenye geti ndiye aliyetukana.

Nilikuwa mlangoni. Mdomo nilikuwa nao, mzima kabisa, ule unaochekesha darasa zima. Haukufunguka.

"Injinia," mama akaniambia, "tengeneza."

Kwa mara ya kwanza nikaitibu mashine kweli. Nilichomeka simu kwenye soketi ileile, ikapata chaji. Kwa hiyo umeme upo. Nilitoa waya wa sipiyu nikaweka waya wa birika la umeme, maana vichwa vyake vinafanana, lakini mashine haikuwaka. Taa ya skrini iliwaka rangi ya chungwa, kumaanisha skrini ni nzima, inasubiri tu kuambiwa jambo. Nilichomoa kila kitu, nikabonyeza kitufe na kukishikilia ili moto uliobaki ndani uishe, nikachomeka tena. Hata feni haikujaribu kujitikisa.

Mama alinishikia tochi ya simu. Nikafungua skrubu, nikavua kava la ubavu. Ndani kulikuwa na vumbi, mayai ya mjusi, na ile harufu. Kwenye kona ya juu kuna kisanduku cha chuma kinachopokea moto wa ukutani na kuugawa kwa wengine. Ndiyo pawa saplai. Niliangaza kupitia matundu yake. Kule ndani kitu kama kopo dogo kilikuwa kimefura na kupasuka kichwani. Swichi zote mbili, nyeusi na nyekundu, zimekaa mgongoni mwa kisanduku hichohicho.

"Usiguse, mwanangu," mama alisema. "Hiyo kazi si kubwa kuliko wewe. Moto ukikupiga nitasema nini?"

Ningependa kusema hapo nilikiri. Nilisema, "Sogeza tochi kidogo."

Palepale nikamkumbuka shangazi yangu wa Tororo. Ana kompyuta iliyokufa miaka mingi, lakini yake ilikufa kifo cha aina nyingine: feni inazunguka, ila skrini haionyeshi chochote. Maana yake pawa saplai yake inafanya kazi. Ndani ya disiki ya mama, inayohifadhi kazi zote, maneno yalikuwa yamepona au yameungua, hilo sikujua, na njia ya kujua ilikuwa kuazima pawa saplai hiyo tu. Nikachukua bisibisi, nikapanda gari la kwanza.

Shangazi alikuwa uani anaanika karanga. Sipiyu yake ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake mtungi wa maji ya kunywa.

"Umekuja kunisalimia ama kuninyang'anya stuli?" aliniuliza nilipoushusha mtungi.

"Vyote, shangazi."

"Anza na salamu, basi. Wee mtoto wa mpakani, salamu mnazilipia ushuru?"

Nikamsalimia vizuri, nikapiga magoti huku bisibisi ipo mkononi. Nikamweleza habari ya wajane na mazishi. Akaacha kucheka. "Na iliungua vipi?"

"Umeme."

"Umeme wa Busia una mikono," alisema, akarudi kwenye karanga zake. Hakuwa na maana yoyote, huwa anasema hivyo. Lakini mimi niliitazama mikono yangu njia nzima ya kurudi, na kisanduku nilichokifungua kwenye sipiyu yake nimekipakata kama mtoto mchanga.

Nilipofika mama alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi. Mbele yake palikuwa na karatasi tupu na kalamu. Alikuwa anajaribu kukumbuka. "Neno la mdogo ninalo," alisema. "La mkubwa limenipotea. Nililipanga vizuri, sasa nikilibadilisha hata kidogo watasema nimepewa kitu na mwenzake."

Nikafunga kisanduku cha shangazi. Kabla ya kuchomeka waya niliangalia ile nyekundu yake mara ngapi sijui. 230. Nikaipima kwa macho kama mtu anayekagua nyoka aliyekufa. Nikawasha nyeusi. Mama akanyoosha kidole, akakirudisha, akasema, "Bonyeza wewe. Mkono wako una baraka."

Mkono wangu. Una baraka.

Nikabonyeza. Feni ilikohoa, ikakwaruza, ikashika mwendo. Skrini ikawaka. Mama hakupumua mpaka ukurasa ulipofunguka, na mstari ukawa pale, mzima, haujapungua herufi. Hakupiga makofi safari hii. Alinishika kichwa tu, akaanza kuchapa.

Wajane walirudi jioni na gunia la mchele walilolishika huku na huku. Mdogo aliomba asomewe mstari wake tena. Mkubwa akasema, "Msomee wote, tafadhali." Mama akasoma wote. Wakaondoka na programu zao zingali moto.

Ingekuwa hadithi ya vichekesho ningeishia hapo, na mimi ni shujaa. Lakini mambo mawili yalinikataa.

La kwanza, jirani. Tangu siku ile akawa hachomi bila kuomba ruhusa. Anapiga kelele juu ya ukuta, "Mama, nachoma!" Mama anabisha hodi yake ya kuhifadhi kazi, anajibu, "Choma!" Siku nzima. Nachoma. Choma. Kama kuna mteja anayechapiwa, mama anajibu, "Ngoja!" na jamaa anangoja, amekaa juu ya chuma baridi, wateja wake wanaondoka. Rafiki zangu wanaona ni kichekesho kikubwa kuliko vyote mtaani. Mimi, mwenye vichekesho, nilikuwa ninaingia ndani.

La pili, kuku. Baada ya mazishi mjane mkubwa alikuja kutoka Merikit na kuku jike mweupe chini ya kwapa. "Huyu ni wa kijana," alisema. "Kwa mikono yake tumezika bila ugomvi. Mwenzangu naye anamsalimia." Kuku wa shukrani hakataliwi. Mama alimfunga kwenye mguu wa meza, karibu kabisa na sipiyu, na kuku akageuza shingo akanitazama kwa jicho moja, kama mwalimu wa zamu.

"Jumapili tunamla," mama alisema. "Firigisi yako."

Firigisi kwetu hupewa mwenye nyumba, mwanamume mwenye heshima yake. Sijawahi kupewa. Nilikuwa bado naitazama ile heshima ikidonoa sakafu, wakati sauti ilipopita juu ya ukuta: "Mama, nachoma!"

Mama akabisha hodi yake. Akafungua mdomo ajibu.

"Mama," nikasema, "si yeye."

Nikamwambia. Nyekundu, halafu nyeusi, halafu vyombo vyote ambavyo sikuosha, halafu flashi, nikaitoa mfukoni nikaiweka mezani na nyimbo zake. Nilijaribu kuchomeka mzaha mmoja katikati, kuhusu mzee wa kanisa. Haukuwaka. Kule ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa bado anangoja jibu, nilimsikia anakohoa.

Mama alivua miwani yake ya kusomea. Aliinama chini ya meza, nikadhani anatafuta kiatu. Akaifungua kamba ya kuku, akaniwekea mkononi, akaikunja ngumi yangu juu yake. Kisha akasema:

"Huyu kuku si yako. Sasa hivi unakwenda kwa jirani, unamwambia kwa mdomo yako. Kesho unakwenda Merikit na kuku. Unawaambia wote wawili, na ukifika, unaanza na mkubwa."