Mlango wa Bi Threlfall

Kwa miaka kumi na minane Hilda Threlfall aliwafungia wageni wake nje, na hakuna aliyemlaumu, maana katika Blackpool nzima, mji wa mapumziko wa pwani ya Uingereza, wenye nyumba za wageni walifanya vivyo hivyo. Ukishamaliza chai ya asubuhi, saa nne unatoka, na ufunguo unageuzwa nyuma yako. Mvua inyeshe, upepo ukukate masikio, huna pa kuingia mpaka saa kumi na moja jioni. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Oldham, waliokuja kwa treni mji mzima ile wiki moja ya kila mwaka ambayo viwanda vilifungwa kwa mapumziko, walishazoea. Hiyo ndiyo iliyoitwa likizo! Siku ya kuondoka mgeni alisema tu "kama kawaida", na chumba kikawa chake mwaka ujao.

Mwaka jana Annie Entwistle wa chumba cha mbele, mfumaji, alirudi saa sita peke yake, amelowa chepechepe, anakohoa.

"Bi Threlfall, niache nikae hata kwenye ngazi. Sitagusa kitu."

"Saa kumi na moja, mama. Nikikufungulia wewe, kesho nitaifungulia Oldham yote."

"Kifua kinanibana, dada yangu."

"Kifua kinataka hewa ya bahari. Si ndiyo mliyoifuata huku?"

Hilda alijiona kasema la maana, akarudi kupiga deki. Jumamosi Annie na mumewe Wilf waliondoka. "Kama kawaida" haikusemwa.

Krismasi kadi yao ya kila mwaka haikuja, na tangu hapo roho ya Hilda haikutulia. Chumba cha mbele alikataa kumpa mtu mwingine. Wiki ya Oldham ilipofika, akaenda mwenyewe stesheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote.

Treni ikamwaga watu na masanduku yao. Wilf alishuka mwisho, mikono mitupu.

"Wilf! Chumba chenu kiko tayari. Annie yuko wapi?"

"Tulimzika Novemba."

"Jamani! Mbona hukuniandikia? Twende nyumbani, upate chai."

"Sikuja kukaa. Yeye ndiye aliyeniagiza nije nikwambie, usije ukakiweka chumba bure."

"Alikuwa na kinyongo na mimi?"

"Yeye? Hata kidogo," Wilf alisema, akigeuka kurudi kwenye treni. "Mimi ninacho."