Eliezeri Wawili

Godeberthe, Mrundi wa pale Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi, aliwachapia watu barua kwa kompyuta ya mkononi aliyoachiwa na padri mmoja. Ilitumia mfumo wa Linux, na mwingine hakuuzoea. Mwaka juzi mzee Eliezeri, mfugaji kutoka Kivu ya Kusini, alikaa mbele yake asubuhi nne mfululizo akimtajia babu zake kumi na wawili na mahali kila mmoja alipozikwa. Faili lake akaliita “Eliezeri”. Baadaye mwalimu mmoja mwenye jina hilohilo akaja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Hilo akaliita “eliezeri”, kwa herufi ndogo, asije akayachanganya. Kwenye Linux hayo ni majina mawili, na mafaili yalikaa pamoja bila ugomvi.

Mzee akafariki. Mwaka ulipokaribia kutimia, bintiye Umwiza alikuja.

“Dada, utatutolea kitabu cha majina ya babu. Siku ya kumbukumbu bantu batakuwa mingi.”

Godeberthe akaenda mjini Mbarara, kwenye duka la kuchapisha la Aloys. Kompyuta ya Aloys ilitumia mfumo wa Windows. Aloys akaziunganisha mashine mbili kwa waya, akafungua kwenye yake folda moja ambayo zote ziliiona. Kwa kuwa kompyuta ya Godeberthe ilikuwa imejaa, yeye hakunakili. Aliyakata mafaili yote akayahamishia kule. Katikati ya kazi skrini ikauliza kama abadilishe faili lililokuwapo. Alidhani anaulizwa kama aendelee, akabonyeza ndiyo.

Alipolifungua “Eliezeri”, akakuta barua ya mwalimu. Akalifunga, akalifungua tena. Ni mwalimu yuleyule.

“Aloys, lile lingine liko wapi?”

“Hapa iko moja tu, nyabo.” Aloys, aliyewaita hivyo kina mama wote, akainama kutazama. “Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwake Eliezeri ni mtu mmoja. Wa pili amemfuta wa kwanza.”

Godeberthe alisikia kila neno, lakini akili ilikataa kulipokea. Aloys alihangaika mpaka jioni na programu ya kufufua mafaili. Kilichotoka ni vipande vya herufi visivyosomeka.

Kesho yake alimkuta Umwiza akichambua maharage mlangoni. Alimweleza akiwa amesimama. Umwiza hakulia. Alibaki ameshika punje moja ya harage, kama mtu aliyesahau inakowekwa.

“Basi baba amekufa mara ya pili,” akasema.

Neno hilo lilimpiga Godeberthe kuliko yote ya Mbarara.

Hatimaye Umwiza ndiye aliyeanza kutaja majina ya babu ili yaandikwe upya. Alifika babu wa sita, akakwama. Siku ya pili wakatembea pamoja hadi kijiji cha Juru, kwa Mutware, mdogo wa marehemu. Huyo akafumba macho, akawafikisha hadi babu wa kumi.

“Wale babili ba mwisho, ni yeye tu alikuwa anabajua,” akasema.

Godeberthe aliandika majina kumi. Chini yake akaacha mistari miwili mitupu, na Umwiza akakubali kitabu kichapishwe hivyo. Siku ya kumbukumbu Mutware alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye mistari hiyo akanyamaza, akafunua ukurasa.