Bei Nzuri ya Ng'ambo ya Mto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza na ukungu. Jambo hili nimewasimulia watu wachache sana, na kila nikilisimulia mikono yangu hupata baridi hata kama jua limewaka. Lakini nimesikia wewe na rafiki yako mnavyozungumza habari za faida, nami nimeona si haki nife nalo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nyumbani kwetu kulikuwa Kyerwa, wakati huo bado ni sehemu ya Karagwe, mwendo wa nusu siku kutoka Mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Uganda. Baba alikwisha kufariki, na aliyetusimamia ni kaka yake, baba mkubwa Byabato, mtu mfupi, mpole, asiyependa kurudia neno. Yeye ndiye aliyenikabidhi mtamba mmoja akaniambia, "Huyu ni wa mahari yako. Mlishe, azae, uoe." Binti nilikuwa nimeshamposa, na kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Lakini kijana anayengoja ng'ombe azae huona mwaka ni mrefu kuliko barabara ya Bukoba.

Msimu ule kahawa ilizaa vizuri. Tuliipeleka kwenye chama cha ushirika, tukalipwa sehemu, sehemu nyingine tukaambiwa tusubiri. Ng'ambo, watu walisema, unalipwa yote siku hiyo hiyo, tena kwa bei inayokaribia mara mbili. Kuvusha kahawa kulikuwa kosa, na mtoni kulikuwa na doria. Kila mtu alijua, nami nilijua. Ila nilipokaa kupiga hesabu zangu niliandika vitu vitatu: bei ya kununulia kwa majirani, ujira wa kubeba na kuvusha, na bei ya kuuzia. Nikatoa, nikaona kinachobaki, nikatabasamu peke yangu.

Pale kwetu alikuwapo kibarua aliyeitwa Nestori, mtu wa miaka thelathini hivi. Wazazi wake walitoka Burundi. Alitulimia kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na yeye, mkewe Veneranda na mtoto wao mchanga walikaa katika nyumba ndogo nyuma ya migomba yetu. Nilipomwomba anisaidie kuvusha aliweka jembe chini, akasema, "Mimi kuogelea sijui, Deo."

"Hatuendi kuogelea. Tunakwenda kuvuka."

Akainama, akaokota jembe lake, akasema sawa. Sikumwangalia usoni. Leo najua kwamba mtu anayelala katika nyumba yako si rahisi akuambie hapana. Wakati ule nilidhani amekubali.

Safari ya kwanza tulivusha magunia mawili, alfajiri, kwa mtumbwi wa kukodi, na hakuna aliyetuona. Nikarudi na faida mkononi. Nikanunua shati, nikampa Nestori ujira wake, nikaanza kujiona nina akili kuliko ukoo mzima. Mwonja asali haonji mara moja, mwanangu. Wiki haikuisha nikamuuza yule mtamba bila kumwambia baba mkubwa, na fedha yake yote nikaigeuza kahawa. Magunia sita. Tuliyasukuma kwa baiskeli, mimi na Nestori, siku tatu, mpaka yakatimia kwa mwenye mtumbwi.

Asubuhi ya kuvuka ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hatukuiona ng'ambo. Mwenye mtumbwi alisema magunia ni mengi kwa safari moja. Nikamwambia kuvuka mara mbili ni hatari mara mbili. Nilijiona nimesema jambo la busara. Tukapakia yote. Nestori alikaa katikati, amelikumbatia gunia kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Tulipofika kati ya mto tukasikia sauti za watu, upande ule tuliotoka.

"Askari," mwenye mtumbwi akanong'ona, na kwa woga akaugeuza mtumbwi ghafla. Maji yakaingia. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka baridi, na mikono yangu ikishika mafunjo yaliyoota kando ya mto, na miguu ikitafuta chini isipate. Kisha nikasikia Nestori akiniita. "Deo." Akaniita tena, sauti ikiwa mbali kidogo na imejaa maji.

Sikumwitikia. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo askari watanisikia. Nilibana meno, nikajiambia ataita mara ya tatu na hapo nitaitika. Mara ya tatu haikuja.

Nilijivuta ndani ya mafunjo ya upande wetu, nikakaa hapo maji yakiwa kifuani, sijui kwa muda gani. Kitu kizito, pengine kiboko, kilipumua ndani ya maji karibu nami, nikafumba macho. Zile sauti zikasogea, zikawa wazi, na ukungu ulipopanda nikawaona wenyewe. Walikuwa wanawake watatu na madumu yao, wamekuja kuteka maji. Walikuwa wanazungumza habari za harusi.

Mwenye mtumbwi nilimkuta kwake, nguo zimelowa, anatetemeka. Alisema hakumwona Nestori, akanisihi nisimtaje kwa mtu. Nikatembea kurudi nyumbani, na njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Veneranda alikuwa anamenya ndizi mlangoni kwake. "Shemeji, umerudi," akasema. "Mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki ng'ambo. Anasubiri fedha."

Akafurahi. Akasema huenda akamletea mtoto nguo ya kumkinga na baridi.

Mwanangu, watu husema woga ni wa porini, wa chui na nyoka. Mimi nakuambia woga mkubwa niliouona ulikuwa ndani ya kibanja chetu, saa za mchana, watu wakisalimiana. Mbwa akibweka nilidhani wameleta maiti. Nikisikia maji yakimiminwa kwenye sufuria nilisimama. Siku ya kwanza Veneranda aliniuliza mara nne, kwa adabu. Siku ya pili aliuliza mara moja. Siku ya tatu alinipita njiani asiulize kitu, akaniangalia tu, na hapo miguu yangu ilinipeleka yenyewe kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Sema."

Nilisema yote: mtamba, magunia, wanawake wa madumu, na jinsi nilivyoitwa nikanyamaza. Nilitarajia fimbo. Hakunyanyua hata sauti.

"Ulipopiga hesabu, uliandika nini?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Na Nestori?"

"Ujira wake niliuandika."

"Ule ni ujira wa kubeba. Akifa, nani atamlimia mkewe? Hilo uliliandika wapi?"

Nikavihesabu tena vile vitu vitatu; havikuongezeka.

"Bei ya kule ni kubwa kwa sababu kuna watu wanaoilipia njiani," akasema. "Wewe ulidhani ni ya bure kwa kuwa mlipaji alikuwa mwingine." Kisha akainuka, akachukua koti lake. "Twende kwa mkewe. Na wewe ndiye utakayesema."

Nilimwambia Veneranda nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto mkekani, akamfunga mgongoni, akashika njia ya mtoni. Sisi tukamfuata. Tulifika alasiri. Alitembea kando ya mafunjo akimwita mumewe, akinyamaza kusikiliza, akimwita tena, hadi jua lilipoanza kuzama. Kila alipoita nilisikia kile ambacho mimi sikukifanya.

Siku ya tano Nestori alirudi kwa miguu yake, amekonda, na homa bado iko mwilini. Lile gunia alilolikumbatia ndilo lililomwokoa. Kahawa ya maganda ikiwa kavu huelea kwa muda, nalo likamchukua mpaka kwenye kona ya mto, wavuvi wa upande wa pili wakamtoa, wakamlaza kwao hadi alipoweza kusimama. Veneranda alimshika mkono, akamwingiza ndani.

Mimi nilikwenda kesho yake. Nilichukua fedha iliyobaki ya safari ya kwanza, na lile shati juu yake. Aliangalia vitu vile, akaniangalia mimi.

"Nilikuita, Deo," akasema.

Hakunitukana. Fedha aliipokea Veneranda, tena baada ya baba mkubwa kumwomba. Mwezi ulipokwisha walihamia Rugu kukodi shamba, na tangu hapo hawakulima tena kwa mtu wa ukoo wetu. Mtamba wangu aliishia mtoni. Binti niliyemposa alingoja misimu miwili, akaolewa na mwingine, na sikumlaumu. Ndiyo maana nimezeekea huku Chonyonyo, mbali na maji yale, na migomba niliyoipanda mwenyewe mmoja mmoja.

Sasa wewe una simu mkononi. Jana ulinionyesha ujumbe wa watu wanaosema weka fedha leo, wiki ijayo uchukue mara mbili. Na rafiki yako anataka muuze kahawa yenu ikiwa bado ni maua kwa sababu mnunuzi ana fedha taslimu. Mimi sikukatazi biashara. Nani alipata kitu kwa kukaa? Ninachokuomba ni kwamba, ukionyeshwa faida iliyo kubwa kuliko ya wenzako wote, usiulize kwanza utapata ngapi. Uliza kwa nini ni kubwa. Faida kubwa karibu kila mara ina hatari iliyokaa chini yake, na hatari hiyo ni gharama kama nauli ilivyo gharama. Iandike. Usipoiona, basi ama umeuziwa uongo, ama kuna mtu mwingine anayeilipa, na mtu huyo utamkuta ni yule asiyeweza kukukatalia.

Mtaji wa maisha yako usiuweke wote katika mtumbwi mmoja. Ng'ombe wa mahari aachwe zizini, ufanye biashara na kile ambacho kikizama bado mtakula jioni. Ukipata mara moja, usidhani umejua. Mara moja huenda ni ukungu tu uliokuficha. Malipo yanayochelewa yanakera, nakubali, lakini piga hesabu ya kungoja na hesabu ya kuharakisha, uzilinganishe bila kujidanganya. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema waliotutangulia, nao hawakuwa wanapamba mazungumzo. Na lolote utakalolifanya, mwambie mmoja wa wakubwa wako kabla hujalifanya. Jambo unaloogopa kulitamka mbele ya baba yako limekwisha kukuonya lenyewe.

Mungu akupe mazao ya kukutosha na usingizi wa kuyafaidi. Akupe wenzi wa kazi watakaokuambia hapana, na moyo wa kuwasikia. Fedha yako iingie kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakikuona, na mtu yeyote aliyekusaidia kuipata arudi kwake salama. Amina, mwanangu. Nenda kwa amani.