Vifuko Vyeupe Chini ya Jani la Kabichi

Nakumbuka asubuhi ile Bibi alipofunga nguo zake kwenda Matemwe, kumlea shangazi yangu aliyekuwa amejifungua. Aliniachia kabichi thelathini nyuma ya nyumba yetu, Mbweni.

"Hizi ndizo mboga za arubaini ya mtoto," akaniambia. "Wageni watakula kwa mkono wako."

Mwanangu, nilijiona mkubwa.

Haikupita muda wakaingia viwavi wadogo wa kijani. Nikageuza majani, nikaona vifuko vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimebana kama pamba. Nikasema haya ndiyo mayai yao. Kila asubuhi nikavisaga kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kwa furaha. Viwavi wakazidi. Jirani yetu Mzee Haji alikuwa amelima mboga umri wake wote, na kila siku nilimwamkia shikamoo ukutani. Kumuuliza sikuthubutu.

Bibi akarudi siku kumi kabla ya shughuli. Akayatazama majani yaliyobaki mishipa mitupu.

"Umeua nini hapa?"

"Mayai ya viwavi, Bibi. Yale meupe."

"Mayai! Mbona hukumuuliza Mzee Haji?"

"Niliona haya."

"Basi haya yako imekula kabichi kushinda viwavi."

Akatafuta kifuko kimoja kilichosalimika, akakitia ndani ya gilasi, akaifunika kwa kitambaa chepesi. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akaniita.

"Naam, Bibi."

"Njoo uone mayai yako."

Ncha ya kifuko ilikuwa ikikatwa kutoka ndani, mviringo, kama mfuniko wa sufuria. Mfuniko ukainuka. Akatoka nyigu mweusi, mdogo kuliko sisimizi, akasimama kupangusa mbawa zake. Nilizuia pumzi nisimpeperushe. Bibi akanieleza kuwa mama wa nyigu huyo alitaga yai ndani ya kiwavi. Mtoto alikulia humo, akatoka, akajisokotea kifuko, na kiwavi akafa. Yote hayo chini ya jani moja, na mimi nimelala!

"Subhanallah," nikasema. Hata sasa nikigeuza jani nasema hivyo hivyo.

Tuliokota viwavi kwa mkono, asubuhi na jioni. Siku ya arubaini tulikata kabichi kumi na moja tu. Wageni walipouliza mbona mboga chache, Bibi alinitazama, akasema, "Zilikuwa na walinzi, tukawaua."

Basi, mwanangu, geuza majani kila asubuhi. Kifuko chenye wavu, unachoona kijani ndani yake, kitoe. Huyo ni kiwavi anayegeuka nondo, yule kipepeo anayetaga mayai ya viwavi. Cheupe kilichobana, kiache. Usimwage dawa kwa hasira, itaua na wanaokusaidia. Na usichokijua, kiulize, hata sauti ikitetemeka. Mungu akupe jicho la kutazama kabla ya mkono wa kuua, abariki bustani yako, na wageni wako wasikose mboga. Amin.