Tulipoigomea Chai ya Mama

Kwetu ni Mwea, ingawa siku hizi naishi Skuta, mjini Nyeri, na kanisa ninaloabudu liko huko huko. Kila likizo ya Desemba kanisa letu hufunga safari ya misheni. Tunachagua kijiji, tunakaa siku chache, wauguzi wanapima watu presha na sukari, nasi walimu wa shule ya Jumapili tunashinda na watoto. Kamati ilipotaja kijiji chetu nilipiga makofi. Halafu nikakumbuka kwamba mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la pale, na kwa hiyo mkuu wa jiko, ni mama yangu mzazi. Makofi yakaisha.

Si kwamba simpendi. Nampenda mpaka nakasirika.

Kiongozi wetu wa afya ni nesi mstaafu tunayemwita Sista, mama mwenye sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuipinga. Wiki moja kabla ya safari aliniambia niwaarifu wenyeji: watakaopimwa sukari waje asubuhi bila kutia kitu tumboni. Nikampigia mama simu.

"Ati watu wakuje kanisa na njaa?" akauliza. "Kwani wamekosea nani?"

Nikamweleza habari za damu na vipimo. Akasema, "Sawa." Mama akikubali jambo haraka hivyo, ujue ameshapanga lake.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kandokando ya barabara, na watu walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, wamevaa nguo za Jumapili, kwa maana kwetu huendi mbele ya daktari na nguo za shamba. Sista akaketi, akaanza kuwadunga vidole mmoja mmoja. Kila aliyekaa mbele yake alimwuliza, "Umekula?" Kila mmoja akajibu, "Sijakula, Daktari." Na kila mmoja sukari yake ilikuwa juu.

Sista akabadilisha betri ya mashine. Akachukua mashine nyingine. Akajidunga mwenyewe, akajikuta mzima. Niliona uso wake ukibadilika; nadhani alianza kuamini kwamba kijiji kizima kimekwisha. Ndipo akaja mzee mmoja na masharubu yake meupe kwa maziwa.

"Baba, kweli hujakula?"

"Sijakula, Daktari. Nimekunywa tu chai."

Sista akasimama, akawauliza waliobaki kwenye foleni. Wote walikuwa wamekunywa chai. Nyuma ya kanisa kulikuwa na sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama, chai ya maziwa imechemka na sukari yake humo humo, na mama yangu amesimama kando yake na kikombe. Kila aliyepita alimpokea kwa maneno yale yale: "Pole, umekatazwa chakula. Kunywa hata chai kidogo."

Hakuwa na ujeuri. Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula. Mgeni akija, chai ni sehemu ya salamu, na mama asingeweza kumwacha mtu akae kwenye benchi bila kusalimiwa.

Sista alicheka hadi akatoa machozi. Mimi sikucheka hata kidogo. Akatangaza kwamba sukari itapimwa upya kesho yake, kabla ya ibada, na kwamba ni maji peke yake yanayoruhusiwa.

Sasa, mama naye alikuwa amepimwa, na kwake mashine ilikataa hata kuandika nambari. Iliandika tu kwamba imepita kipimo. Sista akanitazama. Mama akafuta kidole chake kwenye leso.

"Si mmesema ni chai? Mimi ndiye nilikuwa naionja. Na kesho msiningoje, niko na wageni wa kulisha."

Huenda ningeliacha lipite, kama si watoto. Alasiri tulikuwa nao katika darasa la chekechea. Tuliwafundisha kunawa mikono, tukaimba, tukaruka mpaka vumbi likajaa chumbani, kisha nikawauliza wanataka tuombee nini. Mmoja alitaka tuombee ng'ombe wao azae. Mwingine alitaka chapati za Krismasi ziwe nyingi. Kisha binti wa kaka yangu, anayelala kwa shosho wake, yaani mama yangu, kila likizo, akainua mkono.

"Tuombee shosho mguu yake. Iko na kidonda na haiponi. Alisema nisiambie mtu, lakini Mungu si mtu."

Niliomba siku hiyo macho yakiwa wazi. Tangu tufike, mama hakuwa amevua buti zake za mpira, hata ndani ya nyumba. Mimi nilidhani ni matope ya mashamba ya mpunga. Nikamkumbuka jirani yetu, rafiki yake wa kupandikiza mpunga, aliyeenda hospitali na kidonda cha kidole akarudi na mguu mmoja.

Sista nilipomweleza hakucheka tena. Alisema sukari ya juu na kidonda kisichopona ni mambo ya kuwahi hospitali, mguu ungali mguu. "Lakini mtu mzima havuliwi kiatu kwa nguvu," akasema. "Lazima akubali mwenyewe."

Jioni nikamwuliza mama. Akasema ni buti mpya zilimchuna. Nikapandisha sauti, naye akageuza mukimo wake wa viazi na mahindi kwenye sufuria kama vile nazungumza na ukuta.

"Nyeri imekufunza kelele," akasema.

Nilikwenda kulala na hasira, na ndani ya hasira ile nikapata akili. Namjua mama. Ugonjwa anaweza kuuficha na kuuvumilia mpaka mwisho. Mgeni wake akikaa na njaa, hawezi kuvumilia hata kidogo. Nikaenda kuzungumza na wenzangu.

Asubuhi nilikuwa jikoni kabla yake, na chai ilipochemka niliionja mimi. Akanishangaa. Timu nzima ikaketi uani kwetu, vijana wa kwaya tuliokuja nao wamejikunyata kwa baridi, mandazi yamejaa sinia. Mama akammiminia kila mtu. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Mama," Sista akasema kwa ile sauti yake, "leo hatunywi mpaka wewe upimwe."

Mama alicheka kwanza. Kisha akakasirika, akasema hiyo ni dharau. Kisha akaanza kuwabembeleza mmoja mmoja, na alipofika kwa dereva, ambaye hata si wa kanisa letu, dereva akaficha mikono yake kwapani. Chai ikaanza kufanya utando. Mama akavitazama vikombe vile vyote, na nikaona kwamba vilimuuma kuliko kidonda.

"Majirani wakiona hii watasema nini?" Akanyoosha kidole. "Dunga haraka, watu wakunywe chai."

Sukari ilikuwa juu. Hakuwa ameonja hata tone.

Mama aliitazama mashine. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaniangalia mimi, si Sista, akasema polepole, "Wataikata hii mguu."

Kumbe ndilo lililokuwa likimlaza macho wazi tangu apate kidonda hicho. Nilikuwa nikimwona mkaidi, naye alikuwa na hofu tu. Nilipiga magoti nikamvua buti. Soksi ilikuwa imeganda kwenye kidonda. Tukailoweka kwa maji vuguvugu mpaka ikaachia. Nilishika kisigino chake mikononi. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, na kilinuka, na nililia pale pale mbele ya kwaya yote bila aibu.

Sista akabonyeza kidole kimoja baada ya kingine. "Unasikia hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Aii! Daktari, unaniumiza!"

"Asante Yesu," Sista akasema, na uso wake wote ukalegea. "Mguu huu ungali unasikia maumivu. Mama, tukienda hospitali leo hii, na ukifanya watakavyokuambia, mimi naamini utakuja kuzikwa nao."

Mama akafikiri. "Nizikwe na yote miwili?"

"Yote miwili. Na ukiwa mzee sana."

Akajipangusa macho kwa leso. Kisha mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiomba msaada wa mtu hata kubeba gunia, akaninyooshea mkono nimwinue.